Mwongozo kamili kwa mpangaji: kipi utengeneze mwenyewe, kipi umpigie mwenye nyumba

Mwongozo huu ni wa mpangaji wa Dar es Salaam, yule anayelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, halafu mwezi wa pili koki ya jikoni inaanza kudondosha. Hapo maswali huwa mawili: hii naitengeneza mimi au mwenye nyumba? Na nikitoa hela yangu, itarudi?

Wengi hujibiwa na fundi au jirani, na jibu hutegemea jirani huyo amepanga au anamiliki. Ukweli ni kwamba ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga hautokani na kitu kilichochakaa wala kilichovunjwa. Kilichochakaa kwa umri ni cha mwenye nyumba, ulichovunja mwenyewe au alichovunja mgeni wako ni chako, na hilo hata mwenye nyumba mkorofi analijua. Tabu iko kwenye kile kilichoanza kidogo, ukakiona, ukanyamaza, kikawa kikubwa. Bati lilivuja tone moja mwezi Machi, Mei dari limeanguka. Mwenye nyumba atauliza kwa nini hukusema, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Sheria inasemaje, kwa ufupi

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaweka wajibu wa pande zote mbili kwenye upangaji, hata kama karatasi mliyosaini kwa dalali haikuutaja. Mwenye nyumba anatakiwa akuache ukae kwa utulivu, asikuingilie ovyo. Ukiwa umepanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu mnazotumia pamoja kama korido na ngazi ni juu yake. Wewe unatakiwa kulipa kodi kwa wakati, kuitunza nyumba katika hali nzuri, na kumruhusu aje kukagua kwa saa zinazofaa. Mkataba unaweza kubadili mgawanyo huo, kwa hiyo usome kabla ya kusaini. Kipengele cha kuogopa ni kile kinachosema "matengenezo yote ni juu ya mpangaji". Neno "yote" lina paa ndani yake. Omba liandikwe "matengenezo madogo madogo", na mtaje ni yapi: balbu, washa za koki, vitasa, nyavu za madirisha, kuzibua sinki.

Kabla ya kuingiza godoro

Nenda mchana, nyumba ikiwa tupu, umeme na maji vikiwepo. Dalali atakuharakisha kwa sababu hela yake ya mwezi mmoja inamsubiri. Mwache asubiri.

1. Fungua koki zote kwa pamoja uone kama presha inatosha, kisha zifunge uone ipi inadondosha. Chungulia chini ya sinki kwa tochi ya simu.

2. Vuta choo mara mbili mfululizo. Maji yakipanda kabla ya kushuka, karo (shimo la majitaka) limejaa au bomba limeziba.

3. Chukua chaja ya simu, ichomeke kwenye kila soketi, na uwashe kila swichi.

4. Tazama dari kwenye kona na karibu na taa. Alama ya rangi ya chai ni maji yaliyowahi kupita, na kama rangi imepakwa mahali pamoja tu pa dari, uliza kwa nini.

5. Fungua na funga kila dirisha na mlango. Madirisha ya aluminiamu hufa kwenye vigurudumu vya chini, na wavu wa mbu huchanika pembeni mahali usipopatazama.

6. Nunua uniti chache za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa namba ya mita ile kabla hujahamia. Mita yenye deni hukata fedha wakati wa kununua, na utaiona kwenye meseji. Mita ya maji ipige picha namba zake, na uombe bili ya mwisho ya DAWASA.

Haya yote yarekodi kwa video moja ndefu, ukitaja kwa mdomo unachokiona: "chumba cha pili, kioo cha kulia kina ufa." Mtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyohiyo. Tarehe inajiandika yenyewe, na miaka miwili baadaye hakuna atakayekudai kioo kile.

Kisha badilisha silinda ya kitasa cha mlango mkubwa. Hujui funguo za zamani ziko mifukoni mwa nani. Mjulishe mwenye nyumba kwanza, na silinda aliyokukabidhi iweke kwenye mfuko wenye jina, uirudishe siku ya kuhama. Yako utaondoka nayo.

Fedha zinazopita kwenye simu yako

Kuna malipo ambayo sheria inamdai mwenye jengo lakini anayekatwa ni wewe. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakusanywa kupitia LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kwenye ghorofa kiwango ni kikubwa zaidi. Unayenunua umeme ndiye unayeitanguliza. Hifadhi zile meseji za manunuzi, na wakati wa kulipa kodi ya pango mwambie kwa upole kwamba kuna kiasi fulani umeshamlipia. Wenye nyumba waelewa huikata bila maneno. Wengine watasema ni hela ndogo. Ni ndogo kweli, ila ni yake.

Mkichangia mita moja wapangaji watatu au wanne, kuna jambo jingine. Kwenye daraja la matumizi madogo la TANESCO, uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya makato, zinazozidi hapo ni 350. Familia moja yenye friji ndogo na taa inaweza kubaki chini ya 75. Familia nne kwenye mita moja haziwezi, na wote mnalipa bei ya juu bila kujua. Kabla ya kumshuku jirani mwenye pasi, mwombeni mwenye nyumba kila mpangaji apatiwe mita yake, au angalau mfunge mita ndogo za ndani ili kila mtu aone alichotumia.

Maji

Hapa ndipo mpangaji anaweza kuokoa hela nyingi za fundi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Koki inayodondosha, kama ni ile ya kuzungusha mara nyingi ndipo ifunge, tatizo karibu kila mara ni washa, kipande cheusi cha mpira cha bei ya chini dukani. Unahitaji spana inayorekebishika, bisibisi, na dakika kama 20.

1. Funga koki kuu ya nyumba, au ile inayoshuka kutoka kwenye tanki. Fungua koki mbovu maji yaliyobaki yatoke.

2. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa. Skrubu ikidondokea humo imekwenda.

3. Ng'oa kile kifuniko kidogo cha juu chenye alama nyekundu au ya bluu, fungua skrubu iliyo chini yake, toa mkono wa koki.

4. Shika nati kwa spana, ukiwa umeizungushia kitambaa isikwaruzike, na uzungushe kinyume cha saa. Mkono wa pili ushike mwili wa koki usije ukalegeza bomba ndani ya ukuta. Moyo wa koki utatoka mzima.

5. Washa iko chini ya moyo huo. Ikiwa imeliwa duara katikati, ndiyo yenyewe. Nenda nayo dukani mkononi, usielezee kwa mdomo.

6. Rudisha kila kitu kwa mpangilio uleule, kaza kiasi, fungua maji polepole.

Ikiendelea kudondosha, shaba ya ndani ambako washa inakalia imelika, na hapo unabadilisha koki nzima. Vilevile koki za kisasa za kufunga kwa robo mzunguko hazina washa hii; moyo wake hubadilishwa mzima. Unapofunga koki mpya, zungushia uzi wa bomba ile tepu nyeupe kuelekea upande utakaozungusha wakati wa kukaza. Ukiizungusha kinyume inajikunja na kutoka, na maji yatachuruzika palepale.

Choo huvuja kimyakimya. Maji yanateremka kutoka kwenye sisteni, lile tanki dogo la choo, kwenda kwenye bakuli usiku kucha, nawe unashangaa bili. Tia rangi ya chakula au kahawa nzito kidogo ndani ya sisteni, usivute kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Ukiona rangi, mpira wa chini haufungi: usafishe ukungu na chumvichumvi, ukishindikana nunua mwingine. Kama maji yanamwagikia kwenye lile bomba la wima la katikati, tatizo ni floti, lile boya la ndani ya sisteni. Ishushe mpaka maji yasimame sentimita mbili au tatu chini ya mdomo wa bomba hilo.

Sinki iliyoziba usikimbilie kuimwagia dawa kali. Weka ndoo chini, fungua kwa mkono kile kikombe cha plastiki kilicho chini ya bomba la sinki, na uchafu wote uko humo: mafuta yaliyoganda, wali, majani ya chai. Kioshe, kirudishe, hakikisha mpira wake umekaa sawasawa. Mafuta ya kukaangia yaliyobaki yaache yapoe, yatie kwenye chupa na kuyatupa na taka.

Karo likijaa huwa linatoa taarifa. Choo kinavuta taratibu, bafuni kunasikika gluglu, harufu inapanda jioni. Pedi, nepi na taulo za maji hazitumbukizwi chooni hata kama pakiti inasema zinaweza. Nani analipia gari la kunyonya majitaka ni jambo la makubaliano: nyumba nyingi wapangaji huchangia, lakini karo lililopasuka au lililojengwa dogo mno kwa idadi ya watu ni la mwenye nyumba.

Tanki la maji lioshwe angalau mara mbili kwa mwaka. Lipunguze maji mpaka karibu na chini, sugua kuta kwa brashi ngumu bila sabuni, toa matope yote. Lijaze, kisha tia jiki ya kawaida isiyo na manukato, ile ya asilimia 3.5, karibu lita moja na nusu kwa kila lita 1,000 za maji. Fungua kila koki mpaka usikie harufu ya klorini, funga, acha usiku mzima. Asubuhi mwaga yote kupitia koki, lisuuze, ujaze upya. Maji ya usiku ule hayanywewi na hayapikiwi. Tena jiki isikutane kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwani vikichanganyika hutoa gesi inayochoma mapafu, na bafu za kwetu ni ndogo.

Umeme: mipaka yako

Balbu badilisha, ukiwa umezima swichi. Kufungua soketi, kuvuta waya na kugusa mita si kazi yako. Mita ni mali ya TANESCO na hata mwenye nyumba haruhusiwi kuichezea. Kazi za waya apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, muombe akuonyeshe.

Breka ikijishusha, chomoa kila kitu kwenye upande ule wa nyumba, ipandishe, kisha chomeka kifaa kimoja kimoja. Kile kinachoishusha ndicho kibovu, na ni chako. Ikijishusha bila kifaa chochote, kosa liko kwenye waya za ukutani. Iache chini, mpigie mwenye nyumba. Usikubali fundi wa mtaani akuwekee breka kubwa zaidi "ili isisumbue". Breka inayosumbua inakuzuia usiungue.

Kama kwenye boksi kuna swichi yenye kitufe cha T, kibonyeze mara moja kwa mwezi. Lazima izime palepale. Isipozima, haitakuokoa siku mtoto akishika waya.

Dalili tatu hazisubiri kesho: soketi yenye joto au doa la kahawia, harufu ya plastiki inayoungua, na bomba au hita ya bafuni inayokupiga shoti hata kidogo. Zima swichi kuu, toa taarifa saa hiyohiyo. Halafu tazama ekstensheni zako. Ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni, inayobeba jiko la umeme na friji, ni kosa la mpangaji, na ikiunguza ukuta hutakuwa na la kujitetea.

Mtungi wa gesi usimame wima mahali penye hewa. Ukiubadilisha pakaza povu la sabuni kwenye regulata na maungio ya mpira. Povu likivimba, funga. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa sakafuni, kwa hiyo ukinusa harufu fungua mlango, usiwashe wala usizime swichi yoyote. Na kama madirisha yana nondo na mlango una geti, ufunguo wa geti ukae ndani, mahali pamoja anapopajua kila anayelala humo.

Masika hayajafika

Masika ya pwani hunyesha Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Februari na Septemba ndiyo miezi ya kukagua. Kufagia majani kwenye gata za chini na kuzibua mfereji wa mbele ya mlango ni kazi yako. Kupanda juu ya bati si kazi yako, na ukikanyaga pasipo na mbao ukalitoboa, lawama itakuwa yako pia.

Mvua ya kwanza ikinyesha, zunguka vyumba vyote. Ukiona tone, weka ndoo, piga picha, tuma. Dari la jipsamu likivimba kama tumbo, toboa tundu dogo katikati kwa bisibisi huku ndoo ikiwa chini, maji yatoke taratibu kabla hayajaliangusha lote. Mjulishe mwenye nyumba kwanza kama simu inapatikana. Isipopatikana, piga picha ya kabla na baada.

Fangasi za ukutani zinahitaji uamuzi. Zikiwa nyuma ya kabati na bafuni ni za hewa kutopita, nazo ni zako: sogeza kabati kiganja kimoja kutoka ukutani, acha dirisha wazi baada ya kuoga, sugua kwa maji yenye jiki kidogo. Zikipanda kutoka sakafuni kwa mstari mrefu, au zikishuka kutoka kwenye kona ya dari, hayo ni maji ya ardhini au ya paa, na kupaka rangi juu yake ni kuzificha tu.

Maji yaliyotuama yamwagwe kila wiki: sahani za maua, ndoo, matairi, mfuniko wa tanki uliobonyea. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji masafi na huuma mchana, na Dar ilipata milipuko yake mwaka 2014 na 2019. Panya na mende ukiwakuta wakati unaingia, ni hoja ya mwenye nyumba. Wakija baada ya mwaka, tazama jikoni kwako. Mchwa ni wa mwenye nyumba siku zote. Wewe wajibu wako ni kusema mara tu unapoona njia ya udongo kwenye fremu ya mlango.

Namna ya kumwambia

Mpigie kwa heshima, kisha andika. Simu peke yake haibaki. Ujumbe mzuri una tatizo, tarehe, picha, na ombi lenye muda:

"Shikamoo mama, habari za nyumbani? Tangu jana usiku, tarehe 12, dari la chumba cha watoto linavuja upande wa dirisha. Nimeweka ndoo na nimekutumia picha tatu. Naomba fundi aje kabla ya Jumamosi maana mvua inaendelea. Ukipenda nitafute fundi mimi, nikutumie makadirio yake kwanza ndipo uamue. Asante mama."

Sentensi ya mwisho kabla ya asante ndiyo inayolinda hela yako. Usitengeneze kitu cha mwenye nyumba ukitarajia kukata kwenye kodi bila yeye kuandika "sawa". Akishaandika, tunza risiti, na kwa fundi asiye na risiti mwandikishe kwenye karatasi jina, kazi, kiasi na sahihi. Baba mwenye nyumba asiyetumia WhatsApp mpelekee barua, nakala ibaki nayo sahihi ya aliyeipokea.

Akikaa kimya, kumbusha baada ya wiki. Akiendelea, nenda kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Mengi huishia hapo kwa sababu mwenyekiti wa mtaa anawafahamu wote wawili. Ikishindikana kuna Baraza la Kata, ambalo husuluhisha, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo huamua. Muda wote huo endelea kulipa kodi. Mpangaji anayedaiwa husikilizwa nusu.

Siku ya kuhama

Toa taarifa kwa maandishi kwa muda uliotajwa kwenye mkataba. Wiki ya mwisho ziba matundu ya misumari uliyogongelea, rudisha balbu mahali ulipochukua za kwako, rudisha silinda ya zamani, safisha jiko na choo. Rangi iliyopauka na sakafu iliyochakaa kwa kutembelewa ni uchakavu wa kawaida, usikubali kuvilipia. Mlango uliotobolewa kwa ngumi si uchakavu.

Zungukeni pamoja nyumba ikiwa tupu, mkiwa na ile video ya siku ya kwanza kwenye simu. Pigeni picha mita ya maji na ya umeme, lipa bili yako ya mwisho, kabidhi funguo kwa idadi, na kama uliweka dhamana muandikishane ni kiasi gani kinarudi na lini. Karatasi moja, sahihi mbili. Ukifika unakohamia, ifute namba ya mita ya zamani kwenye orodha ya malipo ya simu yako, usije ukamnunulia mpangaji mpya umeme wa mwezi mzima.